Polisi Akimsimamisha Mtu Njiani, Na Aandike

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hayo walikuwa watu wa biashara, na yamkini walikuwa wakifikiria majora ya nguo na pishi za mchele. Hawakumfikiria mwanafunzi anayeteremshwa kwenye matatu saa moja za usiku katika barabara ya Namanga na kuulizwa kitambulisho ambacho umri wake haujamruhusu kuwa nacho. Hata hivyo, methali yao inamhusu kijana huyo kuliko inavyomhusu mwenye duka. Saa moja ya maisha yake ikipotea pale kando ya lami, au nauli yake ikibaki katika mfuko usio wake, hakuna kitabu chochote nchini kitakachoonyesha kwamba jambo hilo lilipata kutokea.

Wasomaji wanaoifahamu njia hiyo wanaijua Bisil kwa mifugo. Huko Matapato, mbuzi na ng'ombe ndio akiba ya mzee, ndio karo ya mtoto, na malori yanayowapakia huelekea Kajiado, Kitengela na hatimaye Nairobi. Basi lipo jambo moja ambalo nimelitafakari kwa muda mrefu. Mbuzi anayepakiwa katika lori hutakiwa kuwa na karatasi. Yupo afisa wa mifugo aliyeandika ametoka wapi na anapelekwa wapi. Askari anayelisimamisha lori ana haki ya kukidai kibali hicho, na ni vyema akidai, maana maradhi ya mifugo hayatambui mpaka na wezi wa mifugo hawajaisha. Lakini lori likiruhusiwa kuondoka, iwe ni baada ya dakika tano au saa tatu, mwenye mbuzi hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alizuiwa, ni nani aliyemzuia, ni saa ngapi, na kwa sababu gani. Mbuzi ameandikwa, mwenye mbuzi hakuandikwa.

Nakiri kwamba jambo hili laweza kuonekana dogo. Nchi hii imeona makubwa zaidi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki ilibaini kwamba watu 1,133 walipoteza maisha, na kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi. Ripoti hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyosukuma marekebisho ya polisi, tukapata Katiba mpya mwaka 2010, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi mwaka 2011, na katika mwaka huo huo sheria iliyounda mamlaka huru ya kuusimamia utendakazi wa polisi, ile ijulikanayo kwa jina la IPOA. Mbele ya takwimu za namna hiyo, ni nani atakayepoteza wino kwa ajili ya abiria aliyecheleweshwa njiani? Jibu langu ni kwamba makubwa mengi tuliyoyalilia yalianzia pale pale, kando ya njia, kwa mkono wa askari ulioinuliwa kusimamisha chombo.

Tuchukue kisa cha jirani. Mwaka 2015, huko Mavoko, jirani ya Kitengela, mwendeshaji wa bodaboda aliyeitwa Josephat Mwenda alisimamishwa na afisa wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman, akapigwa risasi na kujeruhiwa. Badala ya afisa kueleza sababu ya kufyatua bunduki, ni majeruhi aliyefunguliwa mashtaka. Mwenda hakunyamaza, alilalamika kwa IPOA na akapata wakili, Willie Kimani. Mnamo Juni 23, 2016, watu hao wawili pamoja na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, walitoka katika mahakama ya Mavoko na hawakufika nyumbani. Miili yao ilipatikana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk wiki moja baadaye.

Nawasihi wasomaji wazingatie namna kisa hicho kilivyojulikana. Watatu hao walizuiliwa kwanza katika kambi ya polisi ya Syokimau. Naam, mtu mmoja aliandika, na huyo hakuwa askari. Kimani mwenyewe, akiwa kizuizini, aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni na kukirusha nje, kikaokotwa. Karatasi hiyo nyepesi, pamoja na kumbukumbu za simu na ushahidi mwingine, ilifika mbele ya Jaji Jessie Lessit. Mwezi Julai 2022 aliwatia hatiani maafisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Na mnamo Februari 3, 2023, Leliman alihukumiwa kifo na wenzake vifungo virefu. Ilichukua zaidi ya miaka sita na nusu kutoka mto hadi hukumu. Wakili aliyekuwa amefungiwa alitimiza wajibu wa kuandika ambao ni wa mwenye kuweka mtu kizuizini.

Kisa cha pili kilitokea ndani ya Kaunti ya Kajiado yenyewe. Usiku wa Oktoba 23, 2022, mwandishi wa habari kutoka Pakistan, Arshad Sharif, aliuawa kwa risasi za polisi akiwa ndani ya gari upande wa Magadi. Polisi walisema kwamba walikuwa wakilisaka gari lililoibwa Nairobi, kwamba waliweka kizuizi, na kwamba gari alimokuwa marehemu halikusimama. Walikiri kuwa walilifananisha. Mjane wake, Javeria Siddique, hakuridhika na maelezo ya kufananisha. Alikwenda Mahakama Kuu ya Kajiado, katika mji ambao msafiri wa Bisil huupita kila anapokwenda Kitengela. Mnamo Julai 8, 2024, Jaji Stella Mutuku aliamua kwamba kumpiga risasi mtu huyo kulikiuka sheria na Katiba, akaamuru mjane alipwe fidia ya shilingi milioni 10, na akazitaka taasisi husika zikamilishe uchunguzi wao.

Mwalimu anayetafuta hukumu ya kuwasomea wanafunzi wake asiende mbali. Ipo hapa, katika kaunti yao, na inahusu kizuizi cha barabarani.

Hukumu ya Kajiado haikusema kwamba polisi hawana haki ya kuweka kizuizi. Haki hiyo wanayo kisheria, na dereva anayepita kizuizi kwa makusudi anatenda kosa. Lakini sheria hiyo hiyo, katika jedwali lake la sita, inamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Inaeleza lini bunduki inaweza kutumika, na kwa kiasi kikubwa ni pale uhai unapokuwa hatarini. Inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Na inasema kwamba kutii amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Sijui ni wangapi kati ya wanaopita Bisil kila siku wamewahi kuambiwa kwamba nambari ile kifuani mwa askari ni haki yao kuisoma. Wengi wetu tumefunzwa kutazama chini.

Kutazama chini hatukukuanza jana. Wazee wetu walivishwa kipande. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kubeba cheti chake ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Askari aliyemsimamisha njiani alitaka kuona kikebe hicho kabla ya kumwona mtu. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku, na alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Serikali ya Mwingereza iliandika kila kitu kumhusu Mwafrika aliyesimamishwa: kabila lake, mwajiri wake, alama za vidole vyake. Kumhusu anayesimamisha iliandika machache. Tulipojitawala tulikitupa kile kikebe, lakini nachelea kwamba mtindo wa kuandika upande mmoja tuliubakiza.

Tofauti iliyopo leo ni hii. Mtu akikamatwa na kufikishwa kituoni, jina lake linapaswa kuingizwa katika kitabu cha matukio, kile ambacho wananchi hukiita OB, naye hupewa nambari. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda: aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, awasiliane na wakili na watu wake, afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa mahakama iwe imefungwa. Hata upekuzi unaofanywa bila kibali cha mahakama, sheria ya 2011 inataka uandikwe. Lakini mtu aliyesimamishwa tu, akahojiwa, akapekuliwa mifuko na kuambiwa "haya, nenda", hupita katikati ya mitego yote hiyo ya sheria kama maji yapitavyo katika chujio. Hakukamatwa, kwa hiyo hayumo kitabuni. Akienda kulalamika ataulizwa: ni afisa gani? saa ngapi? shahidi wako nani? Naye atakuwa na hadithi tu.

Katika giza hilo la kutoandikwa ndimo biashara ya kitu kidogo ilimojenga nyumba. Kila msafiri ameona noti iliyokunjwa ndani ya leseni ya dereva. Utingo huruka chini, hunong'ona, hurudi mbio, na safari inaendelea. Abiria wanatazama madirishani kana kwamba wameona punda akipita. Walimu wapo humo garini. Mimi nimekuwamo.

Na katika giza hilo hilo hutokea makubwa. Mwezi Agosti 2024, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, wakazi wa Kitengela, walichukuliwa na watu wasiojitambulisha na kutoweka kwa takriban mwezi mzima. Polisi walikana kuwazuilia, na hakukuwa na ukurasa wa kitabu ambao jaji angeweza kuufungua. Mahakama ilimwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje aeleze. Aliitwa mara kadhaa asifike. Mnamo Septemba 13, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kukaidi mahakama, akaiahirisha adhabu hiyo kwa siku saba ili kumpa nafasi ya mwisho. Mnamo Septemba 20 watatu hao walikuwa huru, na siku hiyo hiyo Masengeli akafika mahakamani, nayo adhabu ikaondolewa. Kila msomaji atajifikiria mwenyewe jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana katika siku moja.

Wapo watakaosema kwamba ninawaonea polisi, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Askari aliye katika barabara ya Namanga usiku anasimamisha magari asiyoyajua, katika njia ya mpakani inayopitisha halali na haramu. Hulipwa kidogo, hukaa mbali na jamaa zake, na mwenzake akiuawa kazini hatajwi kwa muda mrefu. Mwezi Novemba 2012, huko Baragoi, maafisa zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakiwafuatia wezi wa mifugo. Anayedai kwamba kazi hiyo ni nyepesi hajaifikiria. Je, askari wa namna hiyo atapata wapi nafasi ya kujaza fomu?

Mimi naona kwamba afisa mwaminifu ndiye atakayefaidika kwanza. Leo akishtakiwa kwa uongo kwamba alimpora abiria, yeye naye ana hadithi tu. Daftari lenye mistari mitano lingemtetea. Isitoshe, kuandika hakumzuii kusimamisha gari lolote. Kunamdai tu awe na sababu kabla ya kuinua mkono. Asiye na sababu ndiye atakayeona daftari ni zito.

Wala si wazo geni duniani. Nchini Uingereza, sheria ya polisi ya mwaka 1984 iliwataka askari waandike kila upekuzi wa njiani na kumpa aliyepekuliwa haki ya kupata nakala. Baada ya kuuawa kwa kijana Mweusi Stephen Lawrence mwaka 1993, na polisi kuvuruga uchunguzi wake, tume ya Macpherson ilipendekeza mwaka 1999 kwamba hata kusimamishwa bila kupekuliwa kuandikwe. Huko New York askari walitakiwa kujaza fomu kila walipomsimamisha mtu barabarani. Fomu hizo zilikuwa za polisi wenyewe, na kwa hakika hazikuzuia uonevu. Lakini zilipokusanywa mbele ya Jaji Shira Scheindlin mwaka 2013 zilionyesha kwamba kati ya Januari 2004 na Juni 2012 watu walikuwa wamesimamishwa mara milioni 4.4, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliosimamishwa walikuwa Weusi au watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na kwamba asilimia 88 ya visa hivyo viliisha bila mtu kukamatwa wala kupewa notisi ya kosa. Jaji akaamua kwamba mtindo huo ulivunja katiba ya nchi yao. Uonevu huo ulihesabika kwa sababu uliandikwa. Wetu nani atauhesabu? Ni vijana wangapi wa Kimaasai wenye jamaa pande zote mbili za mpaka wanaoulizwa uraia wao kila wiki kati ya Namanga na Kitengela? Hakuna awezaye kusema, na palipo na ukimya wa namna hiyo kila mkubwa ana uhuru wa kukana.

Tukisubiri amri kutoka Nairobi, tutasubiri sana. Hata hivyo, mlango mmoja upo karibu. Sheria ya 2011 iliagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mwenyekiti akiwa gavana au mtu aliyeteuliwa naye, na ndani yake wawepo raia: wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wa dini, wenye mahitaji maalumu. Hicho ndicho kikao ambamo mchuuzi wa mbuzi wa Bisil angeweza kumuuliza kamanda wa polisi kuhusu vizuizi vya barabarani, uso kwa uso. Kwa miaka mingi mamlaka hizo zilibaki katika karatasi huku magavana na serikali kuu wakivutana. Badala yake tuliletewa Nyumba Kumi mwaka 2013, mpango ulioazimwa Tanzania, ambao kwa kiasi kikubwa uliwataka raia wawape polisi habari. Habari za polisi kuwafikia raia hazikupewa nyumba hata moja.

Wamaasai hawakuhitaji kuazima. Katika enkiguena, mkutano wa wazee chini ya mti, hakuna anayeandika, lakini kila neno linasemwa mbele ya watu, na mwenye kulitoa hawezi kulikana kesho kwa kuwa mashahidi wameketi pale pale. Usalama wa jamii ulijengwa juu ya kuonekana. Kizuizi cha usiku hakina mti wala wazee. Kwa hiyo daftari halina budi kukaa mahali pao. Vijana wa Mathare walilielewa jambo hili mapema. Kituo chao cha haki kilipoanza kufuatilia mauaji ya vijana mtaani, kazi yao ya kwanza haikuwa maandamano. Ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza akina mama jina la marehemu, siku, mahali, na jina la askari kama lilijulikana. Mwaka 2017 waliyachapisha waliyoyakusanya. Kabla ya hapo kila mama alidhani msiba ni wake peke yake.

Nimewaelekea walimu na wanafunzi kwa sababu kuandika ndiyo kazi yao. Mwezi Juni 2025 tulimpoteza mwalimu kijana, Albert Ojwang, aliyekamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi na kufa akiwa mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulipokanusha maelezo hayo, waliyoyatoa waliyafuta. Tofauti kati ya habari ya kwanza na ya pili ililetwa na daktari aliyetazama na kuandika alichokiona.

Shule zitakapofungwa, wanafunzi wa bweni watapanda magari kwenda Bisil, Namanga, Mashuru na Loitokitok, na baadhi yao watasimamishwa. Kabla ya siku hiyo kipindi kimoja cha somo la uraia kingetosha kuwasomea Kifungu cha 49 kwa Kiswahili chepesi, na pia kuwaambia kwamba mwanafunzi anayesimamishwa hujibu kwa heshima, habishani, hakimbii, wala hagusi silaha ya mtu. Kisha kila mmoja afungue ukurasa wa mwisho wa daftari lake na kuuchora mistari. Atakapoachiliwa aendelee na safari, akiisha kuketi garini, aujaze: tarehe, saa, mahali, nambari iliyo kwenye sare ya afisa, nambari ya gari la polisi, sababu aliyopewa, alichoulizwa, na kama alitoa kitu. Daftari hizo zikirudi shuleni muhula ujao, mwalimu azikusanye.